Usukani wa Furukombe

Bwire Magesa alikuwa ametimiza miaka kumi na miwili kaburini siku alipojitokeza katikati ya ukumbi, akajipangusa maji usoni na kucheka. Alikuwa peku, kama alivyokuwa siku zote akishika usukani. Suruali yake ilikuwa imekunjwa mpaka magotini, na kwenye kifundo cha mguu wa kulia lilionekana lile kovu alilolipata kwa kamba ya tanga mwaka wa kwanza wa timu.

"Karibuni," alisema. "Mimi ni Bwire, nahodha wa kwanza wa Furukombe. Njooni niwaoneshe tulikotoka."

Mhandisi Mbuke Lushinge, aliyekuwa peke yake kwenye viti vya mbele, alishika kwa nguvu mikono ya kiti. Alikuwa ameambiwa atakachokiona. Aliambiwa kwa barua na kwa simu, na hata asubuhi ile mlangoni, lakini mwili haukuambiwa. Mwili ulitaka kusimama na kwenda kumkumbatia.

Alichokuwa anakiona ni sanamu-nuru. Darini mwa ukumbi ule mpya wa Kirumba, jijini Mwanza, zilifungwa taa ndogo mia nne ambazo miali yake ilikutana hewani na kuchora umbo la mtu, jasho na vinyweleo vyote. Taa hizo ziliongozwa na mashine ya akili mnemba iliyoitwa Msimulizi. Kwa mwaka mzima Msimulizi alilishwa kila kilichohusu timu ya yoti ya Furukombe: picha, kumbukumbu za redio, barua, michoro, magazeti, ripoti. Kisha akaombwa aisimulie historia ya timu kwa vinywa vya wenyewe, wazima na wafu.

Bi Editha Rwiza, binti wa miaka thelathini aliyesimamia kazi hiyo, alisimama pembeni akiwa na kibao cha kuongozea. "Uko sawa, Mhandisi?" aliuliza.

"Endelea," Mbuke alisema.

Sanamu-nuru ikaendelea, na kwa nusu saa ilisema kweli tupu. Ilisimulia jinsi watu watatu walivyoianzisha timu mwaka 2061 ndani ya ghala lililokuwa la kuhifadhia pamba: Projestus Katalyeba, aliyejua kuzungumza na wakubwa, Bwire, mtoto wa Ukerewe aliyejua maji, na Mbuke, msichana wa miaka ishirini na sita aliyetoka chuoni na wazo ambalo walimu wake walilicheka. Wazo lilikuwa mabawa-maji. Yoti ya kawaida huyapasua maji kwa tumbo lake. Mbuke alitaka yoti ambayo ikishika mwendo itasimama juu ya mabawa membamba yaliyozama, tumbo lote likiwa hewani, isikwamishwe na wimbi. Mabawa ya kwanza waliyachonga kutoka kwenye mapanga mabovu ya mtambo wa umeme wa upepo.

Mbio za kwanza walishika mkia. Yoti ilipinduka mara mbili, ikavutwa kurudi gatini na mashua ya wavuvi wa dagaa waliowazomea njia nzima. Miaka mitano baadaye waliwashinda Wakenya mbele ya umati wao, Kisumu. Kisha wakashinda Entebbe. Mbuke alijikuta anatabasamu. Sanamu ile ilijua hata utani wa Bwire, kwamba Mbuke alikuwa anaongea na bolti kabla ya kuzikaza.

"Halafu," ilisema sanamu, na uso wake ukawa mzito, "akaja Nahodha Mnemba."

Nyuma yake ikatokea picha ya kisanduku cheusi chenye ukubwa wa debe. Hicho ndicho kilichoipa Furukombe jina duniani. Kiliusoma upepo kwa macho kumi na sita, kikakadiria mawimbi nusu dakika kabla hayajafika, kikageuza usukani mara hamsini kwa sekunde. Hakuna mkono wa binadamu ambao ungeweza hivyo. Katalyeba alikinunua mwaka 2077, na tangu siku hiyo Bwire akawa nahodha wa akiba.

"Mwaka 2079, mbio za tano za Kombe la Ziwa Kuu," ilisema sanamu, "mashariki ya Ukerewe, mvua kubwa ilitukuta. Mashine ilikuwa inaenda vizuri. Mimi niliingiwa na hofu. Kiburi pia, sikatai, kwa sababu sikuizoea kazi ya kukaa na kutazama. Nikaunyakua usukani kwa nguvu. Nilikosea. Naomba vijana wanaokuja wajifunze kutoka kwangu: iamini mashine."

Ikainamisha kichwa. Taa zikafifia.

Mbuke alikuwa amesimama bila kujua alisimama saa ngapi. "Nani kasema maneno hayo?"

"Msimulizi ameyatunga," Editha alijibu. "Sauti za siku ile hazipo. Bwana Katalyeba alituambia kinasa sauti cha pwani kilizimwa na radi. Palipo na pengo, Msimulizi hutunga maneno ambayo yanaelekea sana kuwa ndiyo yaliyosemwa. Tumeandika hivyo kwenye kibao cha ukutani, kwa maandishi madogo."

"Yanaelekea!" Sauti ya Mbuke iligonga kuta. "Mnamchukua marehemu, mnamtia maneno mdomoni, mnamwombesha msamaha kwa watoto wa shule kwa kosa ambalo hakulifanya, halafu unaniambia yanaelekea? Nani alimfundisha hii mashine yenu kwamba Bwire alinyakua usukani?"

Editha alirudi hatua moja nyuma. Alikuwa binti mwenye adabu na hakuzoea kufokewa na watu wazima. Aligusa kibao chake, akasoma, akasita.

"Sema."

"Chanzo ni kimoja tu, Mhandisi. Ni taarifa yako. Ile uliyoitia saini hospitalini."

*

Ilikuwa yoti ya watu wawili. Bwire alikaa nyuma, penye usukani usiotumika, na Mbuke katikati, akirekebisha mabawa-maji. Mwaka uliotangulia Bwire alikuwa ameuchukua usukani kutoka kwa mashine katikati ya mbio kwa sababu aliona wavuvi mbele, na Furukombe ikashika nafasi ya pili. Katalyeba hakulimeza hilo. Akakihamisha kitufe cha kuachia usukani, kile ambacho humwambia Nahodha Mnemba ampishe binadamu, akakitoa ndani ya yoti na kukiweka chumba cha pwani, mbele ya kiti chake mwenyewe. Mbuke ndiye aliyezifunga nyaya hizo. Alinung'unika, lakini alizifunga.

Siku ya ajali walikuwa wanakimbia kilomita themanini kwa saa na wapinzani wako mbali nyuma. Mvua ilikuwa pazia jeupe. Mbuke hakuona kitu zaidi ya urefu wa yoti yenyewe. Ndipo kwenye redio ya kofia alipomsikia Bwire, sauti yake tulivu kabisa.

"Pwani, achia usukani. Nasikia harufu ya magugu."

Magugumaji yakikusanyika huoza kwa chini, na harufu yake huijua kila aliyezaliwa ziwani. Yakitanda juu ya maji huyalaza mawimbi. Kwa yale macho kumi na sita, eneo la magugu ndani ya mvua lilikuwa eneo la maji matulivu, njia nzuri kuliko zote. Nahodha Mnemba aligeuza yoti kuelekea huko na kuongeza mwendo. Hakuwa na pua.

"Projestus, achia usukani."

Katalyeba alijibu. Mbuke alimsikia kwa masikio yake mawili: "Mashine inasema tisini na moja kwa mia tunashinda. Tulia, Bwire."

"Achia usukani, tutakufa!"

Mara tatu. Baada ya hapo mabawa-maji yalijaa magugu, pua ya yoti ikazama, nyuma ikaruka juu, na mlingoti ukavunjika kama muwa. Mbuke alitupwa mbali. Bwire alibaki chini ya tanga.

Siku ya tatu hospitalini, Mbuke akiwa na mbavu nne zilizovunjika na mkono wa kulia ndani ya plasta, Katalyeba alikuja na ukurasa mmoja. Alikuwa analia, na hakuwa anajifanya. Mbuke alilikumbuka hilo kwa uchungu kuliko yote.

"Ukisema kitufe kilikuwa kwangu, kesho Furukombe imefungwa," alimwambia. "Kila kitu alichokijenga Bwire kinazikwa naye. Unataka kumwua mara ya pili? Andika kwamba aliunyakua usukani. Yeye hawezi kufungwa, Mbuke. Sisi tunaweza."

Akatia saini kwa mkono wa kushoto. Herufi zilitoka kama za mtoto wa chekechea. Mwezi uliofuata aliacha timu, akaenda kufundisha chuo cha ufundi, na hakuwahi tena kukanyaga gati la Kirumba.

*

Ofisi ya Katalyeba ilikuwa ghorofa ya juu ya ukumbi uleule. Mbuke hakubisha hodi.

Mzee yule, sasa mwenye mvi kichwa kizima, aliinuka akitaka kumpa mkono. Mkono wake ulibaki hewani.

"Iondoe," Mbuke alisema. "Ile sanamu. Leo."

"Kaa kwanza, mama. Uletewe chai?"

"Sikuja kunywa chai kwako, Projestus. Nilikubali kunyamaza. Sikukubali kumsikia Bwire akijishtaki mwenyewe!"

Katalyeba aliketi taratibu. "Haiwezekani. Jumamosi, Baraza la Usafiri wa Ziwa litakuja hapa kutia saini. Nahodha Mnemba anaingia kwenye vivuko vya abiria, kumi na vinne kwa kuanzia. Wamesoma historia yake yote. Miaka kumi na minne majini, ajali moja, iliyosababishwa na binadamu. Historia hiyo ndiyo kibali chenyewe."

Mbuke alisogea mpaka mezani. "Vivuko. Watu mia tano kwa safari moja."

"Macho yameboreshwa tangu wakati ule."

"Na magugu? Mmeyajaribu kwenye magugu?"

"Kwa nini tuyajaribu?" Katalyeba alimtazama bila kupepesa. "Hakuna ripoti hata moja inayotaja magugu. Wewe mwenyewe hukuyataja."

Mbuke alikuwa amepanda ngazi zile akiwa na hasira ya mtu aliyedhulumiwa, na sasa hasira ile ilikuwa inamgeukia yeye mwenyewe na kumng'ata. Alimwona Katalyeba jinsi alivyokaa, mikono juu ya tumbo, mtu aliyejificha miaka yote nyuma ya saini ya mtu mwingine.

"Kitufe cha kuachia," alisema hatimaye. "Kwenye hivyo vivuko, kiko wapi?"

Katalyeba alivua miwani, akaifuta. "Nenda nyumbani, Mbuke. Jumamosi utatoa salamu za waasisi, dakika tatu. Watu wanakupenda. Usiwaharibie."

*

Kivuko cha Nansio kilifunga gatini saa saba mchana. Mbuke alisubiri abiria washuke na mizigo yao, hasa machungwa ya Ukerewe, magunia kwa magunia, mpaka ngazi ikabaki tupu. Kisha akapanda mpaka chumba cha usukani.

Nyangeta Magesa, nahodha wa kivuko hicho, alikuwa anaandika kwenye daftari la safari. Alikuwa dada mdogo wa Bwire, wa tumbo moja, mwenye mabega yaleyale na paji la uso lilelile.

"Dada Mbuke! Shikamoo. Miaka mingapi hii? Nimepata kadi ya mwaliko ya Jumamosi, nikasema siendi. Siwezi kumwangalia akiongea."

"Marahaba." Mbuke hakukaa. Alijua akikaa hatasema. "Nyangeta, nimekuja kukuambia kitu, na ukishanisikia utanifanya utakalo. Bwire hakuunyakua usukani. Aliuomba. Alisikia harufu ya magugu, akauomba mara tatu, Katalyeba akamnyima. Mimi nilisikia yote. Niliandika uongo."

Kalamu ya Nyangeta ilisimama juu ya karatasi.

Chini, vibarua walikuwa wanaitana na mtu alikuwa anabishana kuhusu baiskeli yake. Nyangeta alifunga daftari, akaliweka sawasawa na ukingo wa meza.

"Baba alikataa kumwekea Bwire msalaba," alisema. "Unajua hilo? Alisema mtu aliyejiua kwa kiburi asioneshwe kwa wapita njia. Alikufa na neno hilo mdomoni. Mama mpaka leo akisikia jina la Bwire anatoka nje." Sauti yake ilikuwa bado ya chini. "Na mimi. Kila kijana anayekuja kujifunza unahodha kwangu, namkalisha hapo uliposimama, namwambia, usiwe kama kaka yangu. Miaka kumi na miwili nimemtukana ndugu yangu kwa watoto wa watu. Kwa mdomo wangu!"

"Nyangeta..."

"Usiniite jina!" Sasa alipiga kelele, na vibarua walinyamaza chini. "Ulikuja msibani. Ulikaa na mama kwenye mkeka mmoja, mkono umefungwa, unalia. Ulikula ugali wetu. Na ulijua!"

"Nilijua."

"Kwa nini leo? Kwa nini usife nalo?"

Mbuke akamweleza habari ya vivuko. Akamweleza kwamba Jumamosi watatia saini, na kwamba magugu hayamo kwenye historia ya mashine kwa sababu hakuyaandika. Nyangeta alisikiliza akiwa amempa kisogo, akitazama ghuba kupitia kioo, ambako hata mchana ule vilionekana visiwa vya kijani vya magugumaji vikielea polepole.

"Nitasema mbele ya watu," Mbuke alimaliza. "Sina ushahidi. Nina kinywa changu tu, na kinywa changu kimeshasema uongo. Ndiyo maana nimeanza kwako."

"Toka kwenye kivuko changu," Nyangeta alisema.

Mbuke akatoka.

*

Jumamosi saa nne asubuhi ukumbi ulijaa. Wajumbe saba wa Baraza walikaa mstari wa mbele na mwenyekiti wao, Bi Tunu Mchopa, mama mfupi mwenye sura ya mwalimu mkuu. Hati ya kibali ilikuwa mezani, kalamu juu yake. Katalyeba alihutubia kuhusu ghala la pamba na watu kumi na mmoja waliowahi kuvaa jezi ya Furukombe, akapigiwa makofi. Kisha akamkaribisha Mbuke.

Mbuke aliiacha karatasi ya salamu kitini.

"Naitwa Mbuke Lushinge," alisema. "Nilikuwa ndani ya yoti siku Bwire Magesa alipokufa. Mwaka ule nilitoa taarifa kwamba aliunyakua usukani. Taarifa ile ni ya uongo. Niliisaini nikiwa na akili zangu timamu."

Akasema yaliyobaki: mvua, magugu, harufu, maombi matatu ya Bwire na jibu la Katalyeba. Hakuremba. Hasira yake aliiacha isikike.

"Alikuwa nahodha bora kuliko wote tuliowahi kuwa nao," alisema, "na tulimfunga kwenye kiti kama mzigo. Nyaya nilizifunga mimi. Kisha tukamsingizia. Na sasa mnataka kuzifunga nyaya hizohizo kwa watu mia tano!"

Katalyeba alikuwa ameshafika kwenye kipaza sauti cha pili. "Ndugu wageni, tumvumilie dada yetu. Siku ile aliumia vibaya, kichwa kiligongwa. Madaktari walisema kumbukumbu zake—"

"Zilivunjika mbavu, Projestus! Mbavu, siyo kichwa!"

Minong'ono ikapanda. Walinzi wawili walianza kusogea jukwaani. Bi Tunu Mchopa alivua miwani na kuuliza kwa upole kama kuna rekodi yoyote, sauti yoyote, karatasi yoyote. Mbuke akajibu kwamba hakuna. Mwenyekiti akatikisa kichwa, kama mtu anayesikitika, na mkono wake ukarudi karibu na kalamu.

"Mimi nina swali."

Mwanamke aliyevaa sare nyeupe ya unahodha alikuwa amesimama mstari wa nyuma kabisa. Walinzi hawakujua wamwendee yupi.

"Nahodha Nyangeta Magesa, kivuko cha Nansio. Mimi sikuwepo siku ile, kwa hiyo sisemi nani mkweli. Nauliza la kesho. Nikiwa kwenye zamu, na abiria wangu, na hiyo mashine imeshika usukani, nikaona inatupeleka pabaya, nabonyeza wapi ili inipishe?"

Katalyeba alitabasamu. "Swali zuri. Mfumo una ngazi tatu za usalama—"

"Nimeuliza wapi."

"Nahodha hutuma ombi, na ombi hupokelewa mara moja na—"

"Bwana Katalyeba," alisema Bi Tunu Mchopa. "Kitufe kiko ndani ya kivuko au hakimo?"

"Kiko kituo kikuu," Katalyeba alisema. "Nchi kavu. Ni kwa ajili ya usalama, takwimu zinaonesha manahodha huingiwa na hofu—"

"Na anayekaa kituo kikuu akisema hapana?" Bi Tunu aliuliza.

Katalyeba alitazama hati iliyokuwa mezani, kisha akamtazama Mbuke, na kwa mara ya kwanza Mbuke aliiona hofu machoni mwake. Haikumfurahisha hata kidogo. Mwenyekiti wa Baraza alichukua kalamu yake, akaifunika, akaitia mkobani.

*

Baraza liliagiza majaribio. Kivuko kitupu, kikiongozwa na Nahodha Mnemba, kilipelekwa kwenye magugu mara kumi siku za mvua. Mara tatu kiliingia moja kwa moja bila kupunguza mwendo. Kibali kikazuiwa mpaka mashine ifunzwe upya na kitufe kiwekwe mkononi mwa nahodha, ndani ya chumba cha usukani. Katalyeba alijiuzulu kwa barua yenye mistari minne, akarudi kwao Muleba. Hakushtakiwa. Aliyeshtakiwa kwa saini yake ni Mbuke: alifutiwa usajili wa uhandisi kwa miaka mitano, na chuo kikamwondoa darasani. Hakukata rufaa. Wanafunzi walipokuja nyumbani kumpa pole aliwakaripia warudi wakasome.

Mwezi wa nne Editha alimtembelea akiwa na kifaa kidogo cha kuoneshea sanamu-nuru.

"Tumemlisha Msimulizi ripoti mpya," alisema, akikiweka mezani. "Ameirekebisha sehemu ya Bwire. Nimeona uione wewe kwanza."

Bwire akasimama juu ya meza, urefu wa kalamu, peku. Akaeleza kuhusu harufu na maombi matatu. Kisha akageuza uso na kumtazama Mbuke machoni. "Na wewe, Mbuke," alisema kwa sauti ileile iliyomtania kuhusu bolti, "usijitese tena. Uliogopa, na mwisho umesema kweli. Nimekusamehe."

"Zima!"

Editha alishtuka, vidole vikapapasa kifaa.

"Zima nimesema! Hajanisamehe! Hakupata nafasi ya kunisamehe, alikuwa chini ya tanga anakunywa maji!" Mbuke alikuwa amesimama, machozi yakimtoka bila yeye kuyajali. "Kwanza mmempa kosa asilolifanya, sasa mnampa msamaha asioutoa. Bwire si wenu wa kumsemesha. Akinyamaza, mwacheni anyamaze!"

Editha alikifunga kifaa ndani ya mkoba. Alikuwa analia naye. Baada ya muda akauliza, taratibu, "Sasa tuweke nini, Mhandisi? Watu watafika hapo kwenye historia ya timu, watakuta pengo."

"Leta karatasi."

Aliandika mwenyewe, kwa mkono wa kulia, maneno ambayo mpaka leo yako ukutani kule Kirumba, mahali ambapo sanamu-nuru huzimika na hakuna sauti inayosikika:

*Mwaka 2079 Bwire Magesa aliomba usukani mara tatu kwa sababu alisikia harufu ya magugu. Projestus Katalyeba alimnyima. Mbuke Lushinge alisikia, akatia saini kwamba Bwire aliunyakua. Bwire alikufa. Mwaka uliofuata Furukombe ilichukua kombe.*

Ukumbi ulipofunguliwa tena, Nyangeta alimleta mama yake, wakasimama mbele ya maandishi yale. Nyangeta aliyasoma kwa sauti, kwa Kijita, lugha ya kwao, neno kwa neno, kwa sababu bibi yule hakuwa anaona vizuri. Bibi alimwomba arudie. Akarudia. Kisha wakageuka kuondoka, wakapita karibu kabisa na Mbuke aliyekuwa amesimama kando ya mlango, wala hawakumwamkia.

Mbuke alisogea ili njia iwatoshe.